Shubiri Mbili Juu ya Jicho

Jumatano, 12 Juni

Mawe tena. Safari kumi na moja kutoka korongoni hadi kwenye chemchemi. Wanawake kumi na tisa, mimi wa ishirini. Viganja vimechubuka na nimevipaka mawese.

Wiki ya tatu huku mlimani. Kijiji cha Katogota, penye barabara ya magari, kiko chini yetu, saa mbili kwa mguu. Asubuhi pakiwa peupe naliona bonde lote la Ruzizi, na kusini kabisa kipande cha ziwa. Ni lilelile la kwetu Kigoma, ila huku liko upande ambao sikuuzoea.

Nabintu anasema nabeba mawe kama mtu anayebeba mayai. Ndiye mwenyekiti wa komite ya maji na ndiye anayenilaza na kunilisha. Nina miaka hamsini na sita, nimestaafu ufundi bomba, kikundi chetu cha mafundi wastaafu kimenituma huku bila mshahara, na bado nasimangwa. Nilicheka. Kiswahili changu nacho kinawachekesha. Wanakiita cha mu kitabu.

Ijumaa, 14 Juni

Tumelipata jicho la chemchemi!

Siku nne tumechimba tukiyafuata maji yanakotoka, ndani ya kilima, mpaka leo kabla ya adhuhuri. Yanatoka kwenye ufa chini ya mwamba, unene wa kifundo changu cha mkono. Baridi. Safi. Watu wamekuwa wakichota yakishapita kwenye matope na kwato za ng'ombe, kumbe hapa juu yalikuwa hivi.

Nikachukua patasi nikachonga mstari mwambani, usawa wa jicho. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kujenga chemchemi. Bomba la kutolea maji haliwekwi juu ya jicho. Ukiyalazimisha yapande yatatafuta njia nyingine ardhini, na unaweza usiyaone tena. Nimewaeleza wanakomite. Nikarudia. Nikarudia tena, maana napenda sana kufundisha.

Jumamosi, 15 Juni

Salongo. Ndivyo wanavyoita kazi ya pamoja ya Jumamosi. Kila nyumba inatoa mtu na asiyekuja anasemwa wiki nzima. Simenti ilifika Katogota kwa gari kutoka Uvira. Leo imepandishwa hapa mgongoni, mifuko yote. Sijaona watu wenye miguu kama hawa.

Aliyekosekana ni mmoja, Byamungu. Shamba lake la muhogo linaanzia hatua chache chini ya chemchemi. Yuko huko anachimba mfereji wake wa mbogamboga. Alipoitwa alijibu bila kuinua kichwa, "Salongo ya maji njo kazi ya bamama." Kinamama wamekasirika. Mimi pia.

Jumanne, 18 Juni

Leo niliacha mwiko nikawaangalia wanavyobeba.

Kwetu ndoo inakaa kichwani. Huku dumu la lita ishirini, wanaloliita bidoni, linakaa mgongoni, limefungwa kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Ukishabeba unaenda vizuri. Shida ni kuinuka nalo kutoka chini. Mwanamke anachuchumaa, anajifunga, mwenzake anamsukuma ainuke. Kisha yule mwenzake anamsubiri mwingine. Wa mwisho hana wa kumwinua. Anamwaga nusu au anainuka peke yake apatwe na lolote. Nabintu aliinuka peke yake mwaka jana na mgongo haujapona. Kuna siku hawezi kuinama kuwasha moto.

Wakaniomba kitu kimoja. Kibaraza mbele ya bomba, kimo cha kiuno. Bidoni lijae likiwa limesimama juu yake, mtu aligeuzie mgongo, ajifunge, aondoke. Basi.

Niliwaahidi. Mbele ya wote, kwa sauti.

Jumamosi, 22 Juni

Tatizo.

Bidoni likisimama juu ya kibaraza, mdomo wake unafika juu ya jicho. Kwa hiyo inabidi tuchimbe pale wanawake watakaposimama, tushushe kila kitu. Tumechimba. Mwamba mtupu. Siku mbili za nyundo zimetoa sufuria moja ya kokoto. Chini zaidi kuna mteremko mzuri, lakini ni shamba la Byamungu na hakuna aliyetaka kumwomba kitu.

Nabintu alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono kiunoni, ananiangalia. Nikasema nitapandisha bomba. Nikasema kama mtu mwenye uhakika.

Shubiri mbili tu juu ya ule mstari. Maji haya yana nguvu. Nimefanya kazi ya maji miaka thelathini. Kanuni zile ziliandikwa kwa ajili ya wanaojifunza.

Jumanne, 25 Juni

Ukuta umesimama. Nyuma yake kokoto, juu udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na miguu ya wanawake wakiimba. Bomba limekaa. Kibaraza kimelainishwa kwa mgongo wa mwiko mpaka kinang'aa. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na za Kigoma zikiwemo.

Jumapili, 30 Juni

Sikukuu yao ya uhuru. Wametoka kusali wakaja moja kwa moja na mabidoni yao ya njano.

Niliondoa kizibo. Maji yakaruka. Mjane mmoja mzee, aliyezoea kuwa wa mwisho, alisukumwa mbele awe wa kwanza. Likajaa. Akaligeuzia mgongo, akavuta ukanda mpaka kwenye paji, akaondoka. Hakuna aliyemgusa. Aliondoka tu, hatua za mtu anayekwenda kwake, na watu wote wakamtazama mpaka kona.

Nililia. Nikasingizia vumbi. Najivuna leo, na naandika wazi kwamba najivuna.

Jumatano, 3 Julai

Nimepanda kwenye kichuguu chenye mtandao nikawatumia picha wenzangu wa Kigoma. Majibu yamekuja mengi. Nimeyasoma yote, mengine mara mbili.

Nabintu ameinama leo kuwasha moto. Anasema ni mgongo kupumzika kuinua mizigo.

Jumapili, 7 Julai

Kwetu leo Sabasaba. Hapa kitu kidogo tu. Bidoni linachelewa kujaa. Wiki iliyopita lilijaa kabla mtu hajamaliza kusalimiana na wenzake. Leo wanakaa chini kusubiri.

Kiangazi, nimewaambia. Wamekubali, mimi ndiye fundi.

Jumanne, 9 Julai

Matone.

Asubuhi bomba lilikuwa linadondosha tone, linapumzika, tone. Jioni halikudondosha hata hilo. Wanawake wameshuka bondeni kwenye mfereji wa kumwagilia, ule ambao ng'ombe wanaingia na magurudumu ya pikipiki yanaoshwa. Mara ya mwisho kijiji hiki kunywa maji ya mfereji ule, kipindupindu kiliingia nyumba tatu na kila nyumba ilizika. Nabintu ameniambia hivyo akiwa anafunga ukanda wake. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananieleza tu anakokwenda.

Jumatano, 10 Julai

Maji yameonekana. Kwa Byamungu.

Yamezuka katikati ya muhogo wake, matuta matatu yameshakuwa tope. Watu walijaa shambani. Wakaona na ule mfereji wake wa mboga, na hapo wakawa wameshahukumu. Hakuja kwenye salongo. Alichimba. Maji yakahamia kwake. Mwizi wa maji.

Byamungu ni mtu wa hasira, nilidhani atapigana. Alisimama tu na jembe. "Minye siko mwizi. Maji ilikuya yenyewe mu shamba yangu, sikuiita. Muone, hata muhogo yangu iko naoza."

Hakuna aliyeuona muhogo. Chefu wa kijiji amesema atasikiliza kesi Jumapili baada ya sala. Adhabu inayotajwa ni kunyang'anywa lile shamba. Hana jingine.

Nilijua palepale. Nilikuwa nimesimama kwenye tope lake, viatu vimezama, na nilijua. Sikufungua mdomo.

Ijumaa, 12 Julai

Hapa hakuna msikiti. Nimesali adhuhuri chumbani kwa Nabintu, nikaomba nisichostahili kuomba, kwamba maji yarudi yenyewe na lisiulizwe jambo lolote.

Kisha nikachukua mpira wangu wa kupimia usawa, ule mwembamba wa plastiki unaojazwa maji, nikaenda kupima kutoka ule mstari hadi kwenye bomba. Shubiri mbili. Nilitarajia nini? Niliyapandisha, yakashindwa kupanda, yakatafuta njia. Njia ilikuwa chini ya shamba la mtu.

Kesho kutwa naweza kushuka Katogota nikapata pikipiki ya Uvira. Naweza kusema naumwa. Nimeliwaza hilo kabisa, mpaka na nguo nitakazovaa.

Mke wa Byamungu amepita mlangoni. Kinamama walikuwa wanachambua maharage, hakuna aliyemsalimu. Mimi nilimsalimu. Akanishukuru. Yaani amenishukuru mimi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimefua. Nimekunja nguo nikazitia begini. Nikazitoa tena.

Jumapili, 14 Julai

Nimesema.

Nilisubiri nje ya kanisa mpaka katekista alipomaliza. Watu wakakaa kwenye nyasi, chefu kwenye kiti, Byamungu amesimama, kofia mkononi. Kabla chefu hajaanza niliomba nafasi.

Nilisema mwizi hayupo. Nilisema kanuni niliyowafundisha niliivunja mwenyewe, kwa shubiri mbili, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kibaraza na niliona haya kurudi nyuma. Kwamba mfereji wa mboga hauna kina cha kuvuta maji yale. Kwamba nilijua tangu Jumatano.

Chefu aliuliza, "Ulijua, na ulitaka tuondoshe muntu mu shamba yake?"

Nikajibu ndiyo. Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko kifupi kibaya. Byamungu alivaa kofia yake akaenda zake shambani, hakuniangalia.

Nyumbani Nabintu alinipakulia chakula kama kawaida. Kisha akasema, "Mara tatu, Mama Fundi. Ulitufundisha mara tatu." Afadhali angenipiga.

Jumatatu, 15 Julai

Nimevunja ukuta wangu. Nyundo na patasi, peke yangu, kuanzia jua linapochomoza. Watu walikaa juu ya ukingo kutazama. Simenti nzuri haivunjiki kwa urahisi, na ile ilikuwa nzuri. Nilikuwa naisikia kazi yangu ikikataa.

Saa nne Nabintu alishuka na sururu ya mumewe, akaanza upande wa pili. Hakuna aliyemtuma. Nilimwambia aangalie mgongo. Akaniambia niangalie wangu.

Tulivunja mpaka chini ya mstari. Jicho halina kitu. Tope na ufa mkavu.

Jumatano, 17 Julai

Kavu. Nimekaa pale kutwa. Wanaokwenda bondeni wanapita, wananisalimu, wanaendelea. Adabu yao inaniumiza kuliko matusi.

Yakikataa kurudi nitakuwa nimewaondolea watu hawa maji waliyoachiwa na babu zao. Yalikuwa na matope, lakini yalikuwepo.

Alhamisi, 18 Julai

Byamungu amekuja.

Nilidhani amekuja kunitukana, nikasimama. Akaonyesha shamba lake kwa kidevu. "Mu shamba yangu inaanza kukauka. Tangu asubuhi. Nimeona heri nikwambie weye wa kwanza."

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na sita na nilikimbia mlimani. Kwenye ufa mwamba umelowa. Nilipogusa kidole kilirudi na maji. Jioni yalikuwa uzi. Nilimwita Nabintu naye akawaita wote, na wote walikuja kutazama uzi wa maji mwembamba kama utambi. Hata chefu.

Byamungu alibaki kwa mbali, lakini alibaki.

Jumamosi, 20 Julai

Yamerudi yote. Mengi vilevile, usawa uleule wa mstari.

Komite imekaa. Nikapendekeza ukuta mfupi, bomba chini ya jicho, bila kibaraza. Wachuchumae kama zamani, lakini maji safi. Niliwaomba radhi kwa kile kibaraza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Nabintu akauliza, kama kitu cha kawaida kabisa, "Kama maji haitaki kupanda, juu ya nini sisi hatushuke?"

"Juu ya nini" kwao ni kwa nini. Alimaanisha bomba liendelee. Litoke chini ya jicho, lizikwe, lishuke na mteremko hatua kumi na mbili hivi mpaka ardhi iwe imeanguka vya kutosha. Kibaraza kijengwe huko. Nilichukua mpira nikapima. Yuko sahihi. Kimo kinatosha na kinabaki. Nilizunguka mwamba ule siku mbili na nyundo, na jibu lilikuwa hatua kumi na mbili.

Ila hatua ya kumi na mbili iko ndani ya shamba la Byamungu. Kila mtu alikuwa anaitazama ile kona ya shamba.

Jumapili, 21 Julai

Palepale nje ya kanisa. Byamungu amesikiliza ombi mpaka mwisho. Kisha, "Mulinishitaki mbele ya bantu. Mbele ya bantu njo mutasema ingine."

Nikaanza mimi. Sikumwita mwizi, lakini nilimwacha aitwe, siku nne. Nikasema hivyo. Baada yangu akasimama yule aliyelitamka neno kwanza, na mwingine, na mwingine. Wengine walinong'ona, Byamungu akawaambia basikie hata ba nyuma. Chefu alikuwa wa mwisho. Alisema akiwa amesimama, jambo ambalo Nabintu anasema hajawahi kuliona.

Kisha Byamungu aliingia shambani tukamfuata. Akapima kona kwa hatua zake, ndefu, akapiga jembe pembe nne. Ametoa eneo kubwa kuliko tuliloomba. Sharti lake la pili ni kwamba salongo itengeneze na mfereji wake wa mboga, maji ya ziada yapite humo. Wote wakakubali. Mkewe alikuwa ameegemea mlango wao, na leo alisalimiwa na watu wote mpaka akachoka kuitikia.

Jumamosi, 27 Julai

Salongo kubwa kuliko zote. Hata wanaume waliosema maji ni kazi ya wanawake. Byamungu alikuwepo kabla yangu. Amegombana na kila mtu kuhusu kila jiwe, na mara nyingi alikuwa sahihi. Mpira wa kupimia alishika upande mmoja, Nabintu mwingine, mimi katikati nikinyamaza. Walipokosea niliacha wagundue wenyewe. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza huko.

Bomba limefukiwa. Kibaraza kimelainishwa, si na mimi. Kina alama za vidole pembeni na kimeinama kidogo sana upande wa kushoto. Kitadumu.

Jumatano, 31 Julai

Tumefungua. Hakukuwa na sherehe. Walikuja wakachota, wakageuza migongo, wakaenda. Mboga za Byamungu zinapata maji yanayomwagika. Kwenye mfereji wa bondeni hakuna aliyekwenda leo.

Najivuna safari hii pia, lakini sikuwatumia picha watu wa Kigoma. Nitawasimulia nikifika, pamoja na ile sehemu mbaya.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo wamekuja watu sita kutoka kijiji cha bondeni, upande wa Mutarule. Wana jicho la maji chini ya mlima na wanataka kujenga. Hawakuniulizia mimi. Waliuliza kwa Nabintu na Byamungu.

Nilikaa nyuma, kwenye nyasi, na wanawake wenye watoto. Asubuhi ilikuwa tulivu, ziwa halionekani kwa ukungu. Nabintu aliwapeleka juu kwanza, kwenye jicho, akaweka kidole kwenye mstari mwambani.

"Muone hii alama. Kwanza mutafute yenu. Fundi wetu alipandisha tuyo, ni kusema bomba, juu yake shubiri mbili, na maji ikakimbia. Tulitaka kufukuza muntu bure. Nyinyi musifanye vile."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema kiasi cha mchanga na simenti. Byamungu aliongeza maji yalizuka wapi, tuta gani, siku ya ngapi. Wale wageni walitikisa vichwa, mmoja alikuwa anaandika. Kisha mama mmoja miongoni mwao akauliza huyo fundi ni nani.

Nikanyanyua mkono ili wanione vizuri.